Shule ya Msingi Inayompokea Mtoto Mwenye Ulemavu

Elimu jumuishi ni kumsomesha mtoto mwenye ulemavu katika shule iliyo karibu na kwao, darasa moja na wenzake wa rika lake, huku akipata vifaa na msaada anaouhitaji ili ajifunze. Msaada usipokuwapo, elimu jumuishi haipo. Mtoto kiziwi anayeketi nyuma ya darasa la watoto 80, mbele ya mwalimu asiyejua lugha ya alama, ameandikishwa tu, hasomi.

Tanzania ilianza kwa njia nyingine. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, na shule ya viziwi ya Tabora ikaanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Shule hizo za bweni ziliwapa elimu watoto ambao wasingeipata popote, lakini zilikuwa chache, na mtoto aliishi mbali na ndugu zake kwa miezi mingi. Baadaye vikaja vitengo ndani ya shule za kawaida. Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam ni mfano unaojulikana sana: wasioona, viziwi wasioona na wenye ulemavu wa akili wamo katika shule moja na watoto wengine. Mwaka 1994, mkutano uliofanyika Salamanca, Hispania, ulitamka kwamba shule za kawaida zinapaswa kuwapokea watoto wote. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu.

Sheria haimfikishi mtoto darasani. Wapo wanaofichwa nyumbani, na hao hupatikana kwa kupita nyumba kwa nyumba pamoja na viongozi wa mtaa au kijiji. Lakini wengi zaidi ya inavyodhaniwa tayari wamo shuleni, hawajatambuliwa. Mtoto anayenakili kila kitu kutoka daftari la jirani huenda haoni ubao. Anayeitwa mtukutu kwa sababu haitikii huenda hasikii akiitwa kwa nyuma. Mwalimu akiuliza maswali machache kwa kila mtoto mwanzoni mwa mwaka, kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka na kujieleza, anapata orodha ya watoto wa kupelekwa kupimwa. Miwani peke yake huwatoa baadhi yao katika kundi la "wazito".

Baada ya hapo, majengo. Madarasa mengi yameinuliwa juu ya msingi wenye ngazi tatu au zaidi, na dawa ya ngazi ni njia ya mteremko. Kipimo kinachokubalika ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 zina kimo cha sentimita 45, kwa hiyo mteremko unatakiwa uwe na urefu wa mita 5.4. Fundi akiubana uishie mita 2 ili kuokoa saruji, mtoto mwenye kitimwendo hawezi kupanda bila kusukumwa, na akishuka anaporomoka. Uso wa zege usisuguliwe hadi ukateleza, na kingo ndogo ziwekwe pande zote mbili ili gurudumu lisitoke. Njia ya kutoka getini nayo ishindiliwe vizuri, kwa maana kitimwendo hukwama kwenye mchanga kabla hata hakijaufikia mteremko huo. Gharama ya haya yote ni ndogo jengo linapojengwa. Inakuwa kubwa pale linapobomolewa ili kurekebishwa.

Choo ndicho kinachoamua zaidi, nacho ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Mtoto asiye na nguvu za miguu, akikuta tundu la kuchuchumaa, hulazimika kutambaa kwa mikono juu ya sakafu iliyolowa. Wengine hujinyima maji na chakula asubuhi wasije wakahitaji choo, na baadhi ya wasichana wakishavunja ungo huacha shule kabisa. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, pamoja na choo kinachowafaa wenye ulemavu. Choo hicho kinahitaji mlango wa upana wa sentimita 90 hivi, nafasi ya mita 1.5 ya kugeuzia kitimwendo, kiti cha kukalia, vyuma vya kushikilia na bomba lililo chini. Mlango ufunguke kwa nje: mtoto akianguka ndani, mwili wake hautauzuia. Na kibaki kuwa choo. Kikigeuzwa stoo ya majembe, au ufunguo ukikaa ofisini kwa mwalimu mkuu, ni sawa na kutojengwa.

Darasani mahitaji yanatofautiana. Mwenye ualbino, ambaye kwa kawaida ana uoni hafifu, aketi mbele, mbali na mwanga wa dirisha, ubao uwe mweusi kweli na mwalimu asome kwa sauti anachoandika. Nje ya darasa anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, ambayo hutengenezwa pia hapa nchini, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi. Asiyeona husoma kwa nukta nundu, mfumo wa nukta sita zinazopapaswa kwa vidole, na huandika kwa mashine ya Perkins au kibao na kichokoo. Kwake "hii ukijumlisha na ile" haina maana yoyote. "Saba jumlisha tano" inamtosha.

Kiziwi anahitaji lugha ya alama, na anayesikia kwa shida anahitaji kuuona uso wa mwalimu, kwa hiyo asifundishwe na mtu aliyegeukia ubao. Mvua ikipiga bati lisilo na dari, hata shimesikio halimsaidii. Wenye ulemavu wa akili na wenye usonji hufaidika kazi inapogawanywa vipande vidogo, ratiba ya siku inapooneshwa kwa picha, na kunapokuwa na kona tulivu ya kupumzikia.

Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu, lakini mwalimu mmoja aliyesomea fani hiyo hawezi kuibeba shule nzima. Kazi yake kubwa iwe kuwafundisha wenzake. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na darasa linapozidi mno idadi hiyo, mwenye ulemavu ndiye anayeumia kwanza. Wanafunzi wenyewe hujifunza alama haraka wakicheza, kuliko watu wazima wengi. Wakatazwe majina ya kejeli bila kulegea. Kusaidiana nako kuwe kwa zamu: mtoto mmoja asigeuzwe msukuma kiti wa kudumu akakosa mapumziko yake.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi nao una utaratibu wake. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa. Hayo hutegemea taarifa sahihi za mtahiniwa, zilizotumwa na shule kwa wakati. Mazoezi na majaribio ya shuleni yafuate utaratibu huohuo tangu madarasa ya chini, ili mtoto afike siku ya mtihani akiwa amezoea karatasi yake na muda wake.