Jeni Moja au Mbili Ndani ya Mche

Mkulima wa Ruring'u au wa Tetu jirani akishika mche wa kahawa mkononi, hana namna ya kujua kwa macho kama utastahimili CBD. Ugonjwa huo, ambao vitabu vya kilimo huuita chulebuni, huletwa na kuvu aitwaye Colletotrichum kahawae. Uliripotiwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na hustawi zaidi penye baridi na unyevunyevu, yaani miinuko hii ya Nyeri hasa. Tunda changa hutoka doa jeusi lililobonyea, doa likatambaa, buni ikaoza kabla haijakomaa. Mvua zikizidi na dawa isipopulizwa, hadi asilimia 80 ya mazao huweza kupotea. Aina za kahawa za SL28 na SL34, zilizoipa kahawa ya Nyeri jina lake, hazina kinga ya kutosha.

Watafiti wa kahawa wa Ruiru walitoa aina yenye kinga, Ruiru 11, mwaka 1985, kisha Batian mwaka 2010. Ili kuteua miche yenye kinga, walikuwa na kipimo kizuri tangu miaka ya 1970: vishina vya miche michanga hunyunyiziwa mbegu za kuvu, huwekwa penye unyevu, kisha madonda hupewa alama kuanzia 1 hadi 12. Kipimo hiki kina pengo moja. Mche wenye jeni moja imara ya kinga na mche wenye jeni mbili yote miwili hutoka salama. Lakini kuvu hubadilika. Akiishinda jeni moja, shamba zima lililoitegemea limekwisha. Mzalishaji wa mbegu anataka jeni mbili au tatu katika mti mmoja, kwa mfano ile ya aina ya kahawa iitwayo Rume Sudan pamoja na ile ya chotara wa Timor. Atajuaje kama amezipata?

Hapo ndipo PCR inapoingia, mbinu ya kunakili DNA aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983. Jani changa husagwa, DNA hutolewa na kusafishwa sana, maana kemikali zilizojaa kwenye jani la kahawa huzuia kimeng'enya kinachonakili DNA kufanya kazi. Kisha hutiwa praima mbili, vipande vifupi vya DNA vyenye herufi kama 20 kila kimoja. Joto la nyuzi 95 hivi hutenganisha nyuzi mbili za DNA. Likishuka hadi 55 au 60, praima hujishikiza mahali herufi zake zinapooana. Kwenye 72 kimeng'enya hurefusha nakala. Kila mzunguko huongeza maradufu, na baada ya mizunguko 30 kipande kimoja kinaweza kuwa zaidi ya bilioni.

Wengi husifu wingi huo. Mimi naona ajabu kubwa zaidi ni ule utambuzi. DNA ya kahawa ya arabika ina herufi zaidi ya bilioni moja, na praima lazima ipate mahali pake pamoja tu. Inawezekana kwa sababu herufi nne zikipangwa katika nafasi 20 hutoa mipangilio zaidi ya trilioni moja, hivyo ni nadra mpangilio uleule kujirudia kwa bahati. Joto nalo ni mwamuzi: likiwa chini mno, praima hung'ang'ania hata pasipooana vizuri na matokeo huchafuka, likiwa juu mno, haishiki popote.

Mwaka 2008, Gichuru na wenzake walichapisha alama mbili za DNA zinazosomwa kwa PCR, yaani sehemu ambazo herufi chache hujirudia mfululizo, zilizo karibu na jeni ya kinga waliyoiita Ck-1. Jeni hiyo iliingia katika arabika kutoka robusta, kupitia chotara wa Timor. Urefu wa alama hutofautiana kati ya mti wenye kipande hicho cha robusta na usio nacho. Nakala huwekwa kwenye jeli yenye umeme; DNA, yenye chaji hasi, hukimbilia ncha chanya, vipande vifupi vikitangulia. Mistari inayobaki husomwa kwa macho, wakati mche haujachanua hata ua moja.

Lakini praima imetambua jirani wa jeni, si jeni yenyewe. Chavua na yai zinapoundwa, kromosomu hubadilishana vipande, na mara chache alama huachana na jeni iliyokuwa nayo. Wazalishaji wa mbegu hupunguza hatari hiyo kwa kutumia alama za pande zote mbili za jeni. Bado, mche uliofaulu kwenye jeli hauna budi kunyunyiziwa kuvu, kisha kupandwa mahali penye baridi na ukungu hadi uzae.