Siku 30 Zinaanza Kuhesabiwa Lini?

Tuchukue mfano wa mwenye duka anayeagiza mabegi ya shule kutoka Guangzhou, China. Wakala wa mizigo anamwambia kuwa mzigo utafika Dar es Salaam ndani ya siku 30 hadi 35. Analipa tarehe 5 Novemba na kuona kuwa mabegi yatakuwa dukani kabla ya Krismasi, mapema kuliko shule zinapofunguliwa Januari. Mabegi yanafika mwishoni mwa Januari. Wanafunzi wamekwisha kununua kwingine, na marejesho ya mkopo aliouchukua yamekwisha kuanza. Hata hivyo, yawezekana wakala hakusema uongo. Meli iliondoka China tarehe 10 Desemba na kutia nanga Dar es Salaam siku 35 baadaye. Wakala alihesabu safari ya meli. Mteja alihesabu tangu siku aliyolipa.

Muda mwingi hupotea kabla meli haijaondoka. Muuzaji hupeleka kwanza bidhaa kwenye ghala la wakala, na kama bidhaa hazijatengenezwa, kiwanda nacho kina siku zake. Kisha mzigo husubiri mizigo ya wengine. Kontena la futi 40 lina nafasi ya takribani mita za ujazo 67, zile ambazo wafanyabiashara huziita CBM, ilhali mabegi ya duka moja huenda yakachukua mita 2 tu. Wakala hapendi kusafirisha kontena lililojaa nusu, kwa kuwa hulipia kontena zima. Msimu wa biashara ukiwa mzuri hujaa kwa siku chache. Ukiwa mbaya, wiki hupita. Likishajaa hutafutiwa nafasi melini, na nafasi ikikosekana husubiri meli inayofuata. Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, hufunga viwanda, na wafanyakazi wengi husafiri kwao kabla ya sikukuu na kurejea baada yake. Anayeagiza katika kipindi hicho ajiongezee wiki kadhaa.

Baharini, meli inayokuja moja kwa moja hufika mapema kuliko ile ambayo kontena lake hushushwa katika bandari ya kati, kama Singapore au Colombo, likangoja meli nyingine. Hapa tungependa kusahihisha jambo moja. Baadhi ya wateja huelezwa kuwa mzigo wao wa China umekwama kwa sababu ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu. Meli itokayo kusini mwa China kuja Dar es Salaam hupita Mlango wa Malacca na kukata Bahari ya Hindi; haina haja ya kuingia Bahari ya Shamu. Ni kweli kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2023 meli nyingi zinazosafiri kati ya Asia na Ulaya zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na mzunguko huo unaweza kupunguza meli na makontena katika njia nyingine. Lakini wakala anayetoa sababu hiyo anapaswa kueleza imeuhusu vipi mzigo wako.

Meli kufika si mzigo kufika. Kontena hushushwa, wakati mwingine hupelekwa bandari kavu, nyaraka huwasilishwa forodhani, kodi hulipwa, na bidhaa zinazohitaji kuthibitishwa ubora huangaliwa. Katika kontena la mchanganyiko, mteja mmoja aliyeficha bidhaa au kutaja thamani isiyo ya kweli anaweza kuwazuilia wote mzigo. Siku za hifadhi bila malipo zikiisha, tozo huanza kuhesabiwa kila siku, na mzigo ukitelekezwa forodha ina mamlaka ya kisheria ya kuuuza kwa mnada. Kabla ya kulipa, pata kwa maandishi ni nani atakayebeba tozo hizo ikiwa ucheleweshaji hautokani na wewe.

Ndege nayo haiepuki kungoja kwa namna hii. Safari yenyewe ni ya siku moja au mbili, bali mizigo hukusanywa kwanza, na vitu vyenye betri za lithiamu, manukato na vimiminika vingine vina masharti ya usalama yanayoweza kuvichelewesha au kuvihamishia melini.

Kwa hiyo, wakala akikutajia idadi ya siku, mwulize zinaanza siku gani na zinaishia wapi: bandarini, au mkononi mwako? Kontena likishafungwa, omba namba yake. Huwa na herufi nne, ya mwisho kwa kawaida ikiwa U, zikifuatiwa na tarakimu saba. Kwa namba hiyo, na jina la kampuni ya meli, unaweza kuangalia kwenye tovuti ya kampuni hiyo kama kontena limepakiwa na limefikia wapi. Hatuoni sababu njema ya wakala kumficha mteja namba hiyo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo unaompotosha mlaji, na ahadi ya muda inaweza kuwa sehemu ya mwenendo huo ikiwa aliyeitoa alijua haitatimia. Ukija kulalamika, njoo na risiti, ujumbe mlioandikiana ukionyesha tarehe, na tangazo lililokuvutia kama bado unalo. Ahadi iliyotolewa kwa mdomo tutaisikiliza pia, ila kuithibitisha ni kazi ngumu, hasa wakala anapokuwa amekwisha kuhama ofisi.