Kwa Nini Tuna Macho Mawili?

 

Leo tuanze na jaribio. Shika kalamu mbili, moja kila mkono, mbele ya uso wako, ncha zikitazamana. Fumba jicho moja, kisha jaribu kuzikutanisha ncha hizo. Wengi hukosa. Sasa fumbua jicho, ujaribu tena. Rahisi, sivyo?

Sababu ni hii. Macho yetu yameachana kwa sentimita 6 hivi, kwa hiyo kila jicho huona picha yake, tofauti kidogo na ya mwenzake. Ubongo huziunganisha picha hizo mbili, na kwa tofauti hiyo hujua kitu kipo karibu au mbali. Ndiyo maana tunaweza kutia uzi kwenye tundu la sindano, kudaka mpira, au kumimina chai bila kuimwaga.

Kitu kikiwa mbali sana, picha hizo mbili hufanana. Hapo ubongo hutafuta dalili nyingine. Mnara wa CN una urefu wa mita 553, lakini ukiutazama kutoka ng'ambo ya Ziwa Ontario ni kama kijiti. Ubongo unaujua ukubwa wake, basi unasema: uko mbali. Ukiwa ndani ya treni, nguzo za karibu hupita mbio, lakini mnara huonekana kama unakufuata. Nao Mlima Kilimanjaro, ukiutazama kutoka Amboseli, miteremko yake huonekana ya buluu kwa sababu ya hewa nyingi iliyo katikati.

Wazazi, hili ni lenu. Mimi ni muuguzi, lakini mwanangu alipokuwa akimwaga maziwa nje ya kikombe kila asubuhi, nilimgombeza kwamba hana makini. Daktari wa macho akagundua kuwa jicho lake moja ni dhaifu, na ubongo umezoea kulipuuza. Mtoto hakuwahi kulalamika, maana alidhani kila mtu anaona vile. Alivaa miwani, na kila siku tukamziba jicho zima kwa saa chache ili lile dhaifu lifanye kazi. Tatizo hili hutibika vizuri zaidi likigunduliwa mapema.

Hapa Ontario, OHIP hulipia uchunguzi wa macho kila mwaka kwa mwenye bima aliye chini ya miaka 20. Msingoje mtoto alalamike.

Watoto, Jumamosi njooni na kalamu mbili!