Lori likifeli breki, nani analipa?

Saa kumi na mbili jioni pale Njia Panda, Himo, biashara ya nchi mbili inapita mbele ya macho yako. Malori ya mahindi yanaelekea Holili kuvuka kwenda Taveta. Semi-trela zinapanda kutoka upande wa Mwanga, Hiace za Marangu na Rombo zinagombea abiria, na bodaboda zinapenya pale ambapo hata mbuzi angesita. Pembeni kuna Scania imeharibika. Utingo ameweka jiwe nyuma ya tairi, amekata matawi na kuyatandaza barabarani kila baada ya hatua chache. Dereva yeyote wa njia hii anaelewa: mbele kuna gari bovu. Pembetatu za kuakisi zipo, ila ziko ndani ya kichwa cha gari, bado kwenye nailoni ya dukani, zinamsubiri trafiki atakayezikagua.

Nimeanza na matawi kwa sababu ajali nyingi za malori huzaliwa hivyo, kwa vitu vidogo ambavyo kila mtu amevizoea. Lakini mzoga wa lori ukishalala mtaroni tunavisahau na kushika neno moja: limefeli breki. Linatamkwa kama mtu anavyosema mvua imenyesha, kama jambo lisilo na mwenyewe.

Breki ya lori ni ya upepo, na haifi ghafla bila kutoa taarifa. Paipu inavuja, upepo unachelewa kujaa asubuhi, dereva anampigia simu mwenye gari: "Tajiri, gari haishiki vizuri." Jibu huwa ni kwamba mzigo ushushwe kwanza. Fundi wa njiani anaziba paipu inayovuja ya tairi moja ili safari iendelee, na gari lililoundwa kusimama kwa matairi yote sasa linategemea yaliyobaki. Halafu njoo kwenye mteremko, tuseme huu wa kutoka Marangu kuja Himo. Dereva anayebana mafuta anaachia frii badala ya kushuka na gia ndogo. Anakanyaga breki mfululizo, zinapata moto, zinaacha kushika. Ongeza magunia ya rumbesa yaliyopangwa juu mpaka lori linayumba kila kona. Mizani hupima uzito tu. Lori linaweza kuwa chini ya tani 56, ukomo wa juu kabisa katika sheria ya Afrika Mashariki, na bado likapinduka kwa sababu mzigo umekaa vibaya.

Februari 24, 2024, lori liliyagonga magari mengine eneo la Ngaramtoni, barabara ya Arusha kwenda Namanga, na watu 25 wakafa. Taarifa za mwanzo zilisema breki zilifeli. Kwa wengi swali likaishia hapo. Kwa wakili, hapo ndipo swali linapoanza.

Mwaka 1969 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya mjane aliyeitwa Henderson. Lori lilishuka kilima, breki zikakataa, likamuua mumewe. Paipu ya mafuta ya breki ilikuwa imeliwa na kutu sehemu iliyofichika, na wenye lori wakasema wasingeweza kuiona bila kuifungua. Mahakama ikawauliza: lori hili limepita wapi, limebeba nini, limetunzwaje? Hawakuleta ushahidi wa kutosha juu ya maisha ya lori lao, wakashindwa. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini sheria yetu ya uzembe imechipuka kwenye shina hilohilo. Kwa lugha ya Himo, tajiri anayesema breki zilifeli zenyewe alete daftari la gereji.

Hapa kwetu kesi huwa inaishia kwa dereva. Anashtakiwa kwa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura 168, kwa kuendesha kwa hatari na kusababisha kifo. Anakiri, anahukumiwa, na ndugu wa marehemu wanarudi nyumbani wakidhani mambo yamekwisha. Faini, akitozwa, inaingia serikalini. Mjane hapati hata shilingi. Anachoweza kupata kipo kwenye kesi ya pili, ya madai, na hukumu ya kwanza ni silaha yake. Sheria ya Ushahidi inasema hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho ni uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa. Lakini nakala yake lazima mtu aende kuiomba mahakamani, na wachache sana huenda.

Kesi ya pili haimfuati dereva peke yake. Mwajiri hubeba uzembe wa mtu wake akiwa kazini. Fikiria usiku wa Februari 3, 2023, Magila Gereza, Korogwe, Fuso lilipogongana na Coaster iliyokuwa ikisafirisha mwili na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda Rombo. Watu 17 walihesabiwa kufa mwanzoni, na idadi ikapanda. Msafara ule ungepita hapahapa Himo kabla ya kukwea mlimani. Katika ajali ya namna hiyo, hata kama kosa la usukani liko wazi, mahakama bado itataka kujua dereva alikuwa safarini kwa kazi ya nani.

Kumpata huyo "nani" ndiyo kazi. Kichwa kina namba yake na tela ina namba yake, na wenyewe wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Fuso limeuzwa kwa karatasi ya mkono, kadi bado ina jina la mtu wa zamani, naye atashangaa kuletewa wito wa mahakama. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa sheria ya bima ya magari, Sura 169, lakini kampuni ya bima hulipa kwa kusimama nyuma ya mwenye gari. Bila kumjua mwenye gari, namba ya gari ndiyo pa kuanzia. Lori la Kenya likikugonga Himo, tafuta kadi ya njano ya COMESA, bima inayovuka mpaka pamoja na gari. Utingo aliyeumia naye asisahauliwe: kama ameajiriwa, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamhusu, ila mara nyingi jina lake halijaandikwa popote.

Vitu hivi vyote hupotea haraka. Lori linavutwa, barabara inafunguliwa, paipu iliyozibwa inaishia kwenye chuma chakavu. Anayepiga picha namba zote mbili na matairi kabla ya breakdown kufika amewasaidia yatima kuliko anayepiga picha maiti.

Halafu kuna karatasi ya msibani. Mjumbe wa tajiri anakuja na jeneza, sukari na bahasha, anakaa na wazee wa ukoo, na kabla ya kuondoka anaomba sahihi kwamba hakuna madai. Pokeeni bahasha, mtu kuja kuhani si dhambi. Sahihi ingoje. Sheria ya madai ya vifo vya ajali, Sura 310, inawapa mume au mke, watoto na wazazi wa marehemu haki ya kudai walichopoteza, na mtoto wa darasa la pili hajamtuma babu yake amsamehee mtu ada ya shule. Majeruhi naye asilale: madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3.

Saa mbili usiku Scania imetengenezwa na kuondoka. Matawi yamebaki barabarani, jiwe nalo limebaki palepale lilipowekwa, kwenye njia ya bodaboda.