Kwa Nini Mganga Anakugonga Mkono kwa Nyundo?

Huenda ulikwenda zahanati kueleza maumivu ya shingo, mganga akakugonga mkono kwa kinyundo cha mpira. Pengine ulidhani anacheza. La, alikuwa anapima mishipa yako ya fahamu.

Shingo ina pingili 7 za mifupa. Ndani yake unapita mshipa mkuu wa fahamu utokao kwenye ubongo. Kila upande wa shingo hutoka mishipa midogo 8. Kati ya pingili mna mito laini. Umri ukisogea, mito hiyo huchakaa au hutokeza nje, ikabana mshipa. Hapo maumivu hushuka toka shingoni mpaka mkononi, na vidole hufa ganzi. Wengi hudhani ugonjwa uko mkononi, wakachanjwa chale mkononi. Ugonjwa uko shingoni.

Mganga akigonga kano, habari huenda shingoni na kurudi papo hapo, bila kungoja ubongo uamue. Mkono huruka. Mshipa uliobanwa ni kama mfereji ulioziba: mkono huruka kidogo tu au hautikisiki. Akigonga mbele ya kiwiko, anapima mshipa wa 5 na wa 6. Akigonga nyuma, juu kidogo ya kiwiko, anapima wa 7. Huo wa 7 ndio hubanwa mara nyingi. Hugonga mikono yote miwili ili ailinganishe, maana wako watu wazima kabisa ambao mikono yao hairuki sana. Usiukaze mkono. Uache ulegee kama wa mtoto aliyelala.

Kinyundo peke yake hakitoshi. Mkono waweza kuruka vizuri na mshipa umebanwa. Kwa hiyo mganga atapima pia nguvu za mkono, na kukugusa kwa pamba.

Usishangae akigonga na magoti. Mguu ukiruka kwa nguvu kupita kiasi, huenda mshipa mkuu wenyewe unabanwa. Mgonjwa huyo huyumba akitembea, hushindwa kufunga vifungo vya shati, na baadaye haja ndogo huweza kumtoka bila kujijua. Asikandwe shingo wala kuvutwa! Apelekwe hospitali upesi. Akicheleweshwa anaweza kupooza.

Wale waliobanwa mshipa mdogo wengi hupona bila kupasuliwa, baada ya majuma kadhaa. Pumzika kubeba mizigo kichwani, lakini usilale kitandani siku nzima. Mkono ukizidi kukosa nguvu, rudi zahanati hata kama tarehe uliyopewa haijafika.