Je, Wajua? Nukta Mbili Zinatosha

Je, wajua kwamba nyuzi za Selsiasi na za Farenhaiti zimeunganishwa na mstari mmoja mnyoofu, na kwamba nukta mbili tu zinatosha kuupata mlinganyo wake? Maji huganda kwenye 0 ya Selsiasi, ambayo ni 32 ya Farenhaiti. Kwenye usawa wa bahari, huchemka kwenye 100, yaani 212. Basi nukta zetu ni (0, 32) na (100, 212). Kutoka ya kwanza hadi ya pili umesogea kulia 100 na kupanda 180. Gawanya 180 kwa 100, unapata 1.8. Huo ndio mteremko, roho ya mstari wote: haubadiliki popote utakapoupima. Na kwa kuwa mstari unaukata mhimili wa wima kwenye 32, mlinganyo ni F = 1.8C + 32.

Mzazi akiona kipimajoto cha mtoto kinasoma 98.6 za Farenhaiti, asishtuke: hizo ni 37 za Selsiasi, maana 37 mara 1.8 ni 66.6, ongeza 32 unapata 98.6. Ni joto la kawaida la mwili. Kinachonifurahisha zaidi kiko huko chini kwenye baridi kali: katika −40, vipimo vyote viwili husoma namba ileile.