Miguu ya Mtu Mzima: Kujifunza Gari Kinondoni na Temeke

Anayeanza kujifunza gari akiwa na miaka 35 au 50 huja na kichwa kinachoelewa haraka na miguu isiyojua kitu. Alama za barabarani huzishika kwa jioni mbili, maana amezipita miaka nenda rudi akiwa abiria wa daladala. Klachi haishikiki hivyo. Mguu wa kushoto hujifunza kwa kurudia, na kijana wa miaka 19 hurudia bila haya. Mtu mzima akizimikiwa na gari mara tatu huku bajaji zikimpigia honi nyuma, hutamani kushuka aende zake. Ugumu mwingi wa kujifunza ukubwani unatoka hapo, katika pengo lililo kati ya kuelewa na kuzoea.

Viunga vya Dar es Salaam vimewaleta wengi kwenye pengo hilo kwa jinsi mji ulivyopanuka. Nyumba zimefuata viwanja vya bei nafuu, upande wa Kinondoni hadi Madale na Bunju, upande wa Temeke hadi Mbagala na Chamazi. Mtu akichoka kupanda bodaboda hadi lami, kisha daladala, kisha daladala nyingine, huagiza gari lililotumika kutoka Japani. Vitz, Passo au IST huegeshwa uani kabla mwenye nyumba hajajua kuliendesha.

Msingi wa kisheria ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Safari huanza na lena, yaani leseni ya muda ya kujifunzia, ambayo katika orodha ya madaraja ni daraja H. Hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, kwa ada ya Sh 10,000, na hudumu miezi 3. Mwombaji wa leseni ya gari awe ametimiza miaka 18 na awe na namba ya mlipa kodi. Wengi huchanganya ofisi, hivyo inafaa kukumbuka mgawanyo wa kazi: chuo hufundisha, polisi wa usalama barabarani hupima, TRA hupokea ada na kuchapisha kadi.

Chuo kipimwe kwa muda ambao mwanafunzi anakaa nyuma ya usukani. Temeke ipo VETA Chang'ombe, chuo cha umma, na vyuo binafsi vimetapakaa wilaya zote. Swali la kuuliza kabla ya kulipa ni moja: gari moja hubeba wanafunzi wangapi kwa kipindi? Wakipakiwa wanne kwa saa moja, kila mmoja anaendesha dakika 15, na muda uliobaki anatazama kisogo cha mwenzake. Kutazama kunamsaidia anayeanza siku za mwanzo tu. Gari la chuo lina faida ambayo gari la shemeji halina: upande wa mwalimu kuna breki ya pili, mara nyingi na klachi ya pili. Mwanafunzi akijua kuwa kosa lake linaweza kuzuiwa na mguu wa mtu mwingine, mabega hushuka na mikono hulegea kwenye usukani. Mwili uliokakamaa haujifunzi.

Klachi inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndiyo inayowavunja moyo watu wazima wengi. Injini ikiwaka inazunguka muda wote, hata gari likiwa limesimama. Magurudumu yamesimama. Kazi ya klachi ni kukutanisha kinachozunguka na kisichozunguka bila ghafla, kwa sahani inayosuguana na gurudumu la injini hadi mizunguko ilingane. Pedali ikikanyagwa hadi chini, viwili hivyo vimeachana. Ikiachiwa polepole, hufika mahali ambapo sahani inaanza kukamata: sauti ya injini inazama kidogo, pua ya gari inainuka, usukani unatetemeka. Hapo mguu utulie kwa pumzi moja, mafuta yaongezwe kidogo, ndipo klachi iachiwe yote. Anayeachia kwa mkupuo anailazimisha injini kubeba uzito wote wa gari papo hapo, na gari linazima. Zoezi bora ni kulitembeza gari kwenye uwanja tambarare kwa klachi peke yake, bila kugusa mafuta, mara 20 au 30, hadi mguu ujue mahali hapo bila kufikiri. Baadaye kuna mwinuko. Vilima vya Kimara, Goba na Makongo Juu havina huruma na asiyejua kushika gari kwa breki ya mkono hadi klachi ikamate. Anayejifunzia kwenye tambarare za Temeke aombe apelekwe huko kabla ya mtihani.

Hapa huja hoja ya gari la oto. Magari mengi yanayotoka Japani hayana klachi, na wengi huona gia za mkono ni mateso yasiyo na sababu. Uingereza, anayefanya mtihani kwa gari la oto hupewa leseni ya oto tu. Madaraja ya Tanzania hayatenganishi magari kwa namna ya gia, kwa hiyo leseni ile ile humruhusu mtu kushika gari ambalo pengine hajawahi kuligusa. Kwa usalama, kujifunza gia za mkono kwanza ni bora. Hata hivyo, anayejua kwamba ataendesha oto maisha yake yote asiache wiki zote ziishie kwenye klachi, macho yakabaki bila mafunzo.

Macho ndiyo yanayoua au kuokoa. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kikomo cha maeneo ya makazi, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka kabla ya mguu kufika kwenye breki imeshakula mita hizo 14, na breki yenyewe bado haijaanza kazi. Daladala iliyo mbele inaweza kusimama popote abiria anapopunga mkono. Bodaboda hupita kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mwalimu mzuri hurudia neno vioo hadi lichoshe: kabla ya indiketa, kabla ya breki, kabla ya kufungua mlango. Kwenye barabara za Kilwa na Mandela kuna pia malori ya makontena yanayotoka bandarini. Dereva wa lori haoni gari dogo lililojibana ubavuni mwake, na lori likikata kona, tela hupita ndani zaidi kuliko kichwa. Mwanafunzi akae nyuma ya lori au alipite lote. Asitembee sambamba nalo.

Makutano yanamchanganya mgeni kwa namna yake. Kwenye kipilefti, aliyekwisha kuingia ana haki ya kwanza, na anayetaka kuingia hutazama kuliani kwake. Jina lenyewe, lililotokana na kibao cha Kiingereza cha kuamuru kushika kushoto, humkumbusha dereva aingie akizungukia upande gani. Kwenye mataa kuna jambo ambalo kitabu hulipa mstari mmoja: trafiki akisimama katikati, mkono wake unaishinda taa. Asubuhi na jioni ni kawaida kuruhusiwa kwenda wakati taa ni nyekundu, au kuzuiwa wakati ni kijani. Aliyekariri rangi peke yake hubaki ameduwaa. Na njia za mabasi ya mwendokasi, zilizoanza kutumika mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, si za gari binafsi hata foleni iwe ndefu namna gani.

Mtihani hupima maarifa ya alama na sheria, kisha uendeshaji mbele ya askari mkaguzi wa magari. Alama husomwa kwa umbo kabla ya picha: pembetatu iliyosimama inaonya, pembetatu iliyopinduliwa inaamuru kupisha, duara lenye ukingo mwekundu linakataza au linaweka kikomo, pembe nane ni kusimama kabisa. Anayejua maumbo hujibu hata alama asiyoikumbuka. Kwenye uendeshaji, watu wazima huanguka zaidi kwa wasiwasi kuliko kwa kutojua: kusahau mkanda, kuondoka breki ya mkono ikiwa juu, kurudi nyuma wakitazama kioo kimoja. Utaratibu wa kuingia ndani ya gari (kiti, vioo, mkanda, gia, breki ya mkono) urudiwe kwa mpangilio ule ule kila siku ya mafunzo, ili siku ya mtihani mikono ifanye bila kuuliza kichwa.

Wapo wanaotafuta cheti bila kugusa usukani, kwa mtu anayemjua mtu. Hilo ni kosa la jinai, na ni ukatili kwa mtoto anayevuka zebra kwenda shule. Mtu wa namna hiyo hana hata mahali pa kukosea chini ya macho ya mwalimu. Kosa lake la kwanza hulifanya akiwa peke yake.

Aliyefaulu hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, akapata kadi inayodumu miaka 5 kwa Sh 70,000. Kabla ya mwaka 2019 ilikuwa miaka 3 kwa Sh 40,000. Daraja B humtosha mwenye gari binafsi. Anayetaka basi la abiria 30 au zaidi lazima kwanza awe ameshika daraja la magari makubwa au ya abiria wachache kwa miaka isiyopungua 3, na mafunzo ya aina hiyo hutolewa pia na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo.

Dereva mpya wa Bunju hana sababu ya kuanza na Kariakoo. Wiki ya kwanza iwe ya mtaani hadi lami na kurudi, alfajiri ya Jumapili. Ya pili ifike Tegeta, ya tatu Mwenge, bado mchana na bado pakavu. Usiku huja baadaye, kwa sababu taa za wanaokuja mbele humficha bodaboda asiyewasha taa. Mvua za masika huja mwisho kabisa: maji yakifunika barabara, shimo na lami huonekana sawa, na breki zilizolowa hushika kwa kuchelewa hadi zikanyagwe kidogo kidogo zikauke.